Uzoefu wangu: kuingiza sauti mpya kwenye Volca FM, na besi yangu iliyopotelea humo

Wakuu, hii sintesaiza ndogo ya Korg Volca FM ninayo mwezi wa nane sasa, ni ile ya kwanza ya 2016 sio FM2, niliipata mtumba. Kwa nje utadhani toi la mtoto, haifiki nusu kilo, inakula betri sita za AA na ina kispika chake kidogo, ila ndani ina akili ile ile ya sintesaiza ya Yamaha DX7 ya 1983, opereta 6 (vitoa mawimbi, kimoja kinatikisa kingine, ndo hiyo FM yenyewe) na algorithimu 32 (namna za kuviunganisha), na DX7 yenyewe ilikuwa na kilo 14 hivi, kuihamisha tu toka chumba hadi chumba ni shughuli. Kilichonifanya niinunue ni kwamba inasoma sauti za DX7 zile zile, zile faili zenye mkia wa .syx ambazo watu wanagawiana bure miaka nenda rudi, faili moja la benki lina sauti 32 na mashine ina nafasi 32. Nikasema hapa nimelamba dume.

Sasa Volca ina tundu moja tu la MIDI (njia ya vyombo vya muziki na kompyuta kupeana noti na data), la kuingizia, lile la mviringo la pini tano, laptop yangu haina kitu kama hicho so lazima uwe na waya wa katikati. Nikashuka Kariakoo nikapata waya wa USB wa bei chee, hauna hata jina, muuzaji ananiambia "kaka hii inakubali kinanda chochote kile". Kwanza nusu saa nzima ilipotea kwa sababu ncha iliyoandikwa IN niliichomeka kwenye IN, kumbe kwa waya ule IN ni ya kuingiza kwenye kompyuta, inabidi uchomeke ile nyingine. Nikageuza, nikagusa noti kwenye laptop, Volca ikalia, shangwe. Nikafungua Dexed, programu ya bure inayoiga DX7, nikapakia benki nikatuma. Kimya. Sauti zile zile za kiwandani. Nikatuma tena, kimya.

Hapo ndo nilipotea kabisa maana noti zinapita vizuri, kwa hiyo akili inakwambia waya ni mzima, mbovu ni mashine, nikaanza kumsema vibaya aliyeniuzia. Kumbe noti moja ni baiti 3 tu, wakati benki ya DX7 ni baiti 4,104 zinazokuja mfululizo kama ujumbe mmoja, ikidondoka hata baiti moja njiani mashine inatupa vyote, na waya wangu ulikuwa unadondosha. Sauti moja moja ni baiti 163, hiyo ikawa mara inapita mara haipiti, ndo ikanizidishia uchizi! Nikahamia MIDI-OX, programu nyingine ya kutuma data za MIDI, nikaiambia itume kwa kupumzika pumzika, wapi.

Siku ya tatu jamaa yangu mwenye kistudio Sinza akaniazima saundi kadi yake yenye tundu halisi la MIDI. Nikatuma mara moja tu, sekunde moja na ushee hivi (MIDI inatembea biti 31,250 kwa sekunde, so ikichukua dakika ujue kuna tatizo), nikagusa kibodi, sauti mpya. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kilikata nilipoitafuta besi yangu. Nilikuwa na besi moja ya singeli niliitengeneza kwa mkono kwenye Volca yenyewe, usiku kadhaa nazungusha nobu, nikaihifadhi namba 7. Benki ikiingia inakalia nafasi zote 32, haibakizi hata moja, na Volca hii haina MIDI ya kutoka kwa hiyo hata ningekumbuka, ningeivutia kwenye laptop kwa waya gani wa MIDI? Hili niliambiwa baadaye, na aliyeniambia alikuwa anakula mihogo hana hata haraka.

Siku hizi sitengenezi kitu kwenye Volca moja kwa moja. Naanzia Dexed, nasikiliza mabenki, nachomoa sauti ninazotaka naziburuta kwenye benki moja yangu, nahifadhi faili, ndo natuma. Majina unayabadilisha pia, mwisho herufi 10, so ninayo KENGELE, ninayo ZUMARI, na ILIMBA ambayo kwa kweli imetulia, FM inajua sana vitu vya chuma chuma na vya kugonga, kengele na marimba inazitoa kuliko sintesaiza nyingi za bei hii.

Ila usitegemee kila sauti ya DX7 itoke kama ulivyoizoea. DX7 ilikuwa inapiga noti 16 kwa pamoja, hii inapiga tatu, kodi (noti zinazopigwa kwa mpigo mmoja, sio ile ya TRA) ya noti nne inakudondoshea moja. Na zile piano za umeme za miaka ya 80 utamu wake uko kwenye kugonga kwa nguvu au taratibu, sasa hii haisikilizi nguvu ya kidole kutoka kinanda cha nje, ina slaida tu ya velositi, so piano inatoka bapa. Besi, kengele na milio mifupi ndo mahali pake. FM2 ya 2022 imeongezwa hadi noti sita na ina USB na MIDI ya kutoka, mwenye hela aanzie huko.

Mi naipa nne kwa tano, waya naupa sifuri, upo kwenye droo. Ile besi nimejaribu kuirudisha kwa Dexed mara nne, inakaribia ila kuna kamkwaruzo ka mwanzoni sikapati. Iko namba 7 pale pale, nimeiandika BESI UONGO.