Gereji ya Mipira ya Gari Chake Chake: Ukaguzi Kabla ya Safari za Kaskazi

Gereji ninayoizungumzia ipo pembezoni mwa mji wa Chake Chake, Pemba, haina bango, na kazi yake kubwa ni mipira ya gari, ingawa kwa shilingi 20,000 mafundi wake hukagua pia rejeta, breki na taa. Niliipeleka gari yangu mwezi wa Januari, siku mbili kabla ya kumchukua mama yangu na watoto hadi Mkoani kupanda boti ya Unguja, kwa sababu barabara ile ina miinuko na kona nyingi, na wakati wa kaskazi, jua likishapanda, lami huwa na moto mkali kuliko joto tunalolihisi usoni.

Jambo la kwanza lililonipendeza ni kwamba fundi mkubwa alikataa kupima upepo nilipofika saa saba mchana. Alinieleza kuwa mpira uliotoka barabarani una joto na hewa iliyomo ndani imetanuka, kwa hiyo kipimo huonesha upepo mwingi kuliko utakaobaki mpira ukishapoa, na mwenye gari akiupunguza kwa kufuata kipimo hicho ataondoka na mpira laini. Mpira laini hujikunja katika kila mzunguko, hujitia joto wenyewe, na hapo ndipo unapopasuka, hasa gari ikiwa imejaa watu na mizigo. Alinitaka niilaze gari palepale. Alfajiri, alipopima, hakukisia kama wanavyofanya wengi, bali alifungua mlango wa dereva akasoma kibandiko cha kiwanda, kwani upepo unaotakiwa hutofautiana baina ya gari na gari, na mara nyengine baina ya mipira ya mbele na ya nyuma. Katika gari zetu nyingi kibandiko hicho kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zake zinasomeka na mtu yeyote.

Kilichonigusa zaidi kilikuja baadaye. Mpira mmoja wa nyuma nilikuwa nimeununua miezi michache kabla katika duka jengine, nikiamini ni mzuri kwa kuwa kashata zake, yaani yale meno yanayoshika barabara, zilikuwa bado ndefu. Fundi aliufuta vumbi ubavuni, akanionesha tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwanda inayoanza na herufi DOT, 0913, yaani umetengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2013, kisha akaubonyeza nikaziona nyufa ndogo ndogo zikifunguka.

"Maalim," aliniambia, "kashata zipo, lakini mpira wenyewe umeshakufa."

Nilinyamaza kwa muda, nikikumbuka kuwa wanangu wawili hukaa upande ule. Viwanda vikubwa kama Michelin vinashauri mpira uliotimiza miaka 10 uondolewe hata kama kashata hazijaisha, na kwetu, ambako gari hushinda juani na mipira mingi hununuliwa ikiwa imekwishatumika, naona tarakimu hizo nne zingepaswa kusomwa kabla hata ya kuulizwa bei. Niliununua mpira mpya papo hapo, na fundi hakunishikilia ninunue mingine mitatu, ambayo aliiona bado inafaa.

Rejeta aliifungua injini ikiwa baridi, kama inavyopasa, akamwaga maji ya bomba yaliyokuwa yamegeuka rangi ya kutu, akatia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Breki zilikuwa nzima.

Kasoro zipo, na moja si ndogo. Hakuna kivuli wala kiti cha kusubiria, jambo linalowatesa wazee na kina mama wanaokuja na watoto, na wala hukabidhiwi karatasi inayoonesha kilichokaguliwa. Vipimo vyangu niliviandika mwenyewe. Kubwa zaidi, mpira wa akiba haukuguswa mpaka nilipouomba, ukakutwa hauna upepo hata kidogo, na sijui ningefanya nini na mama mtu mzima kando ya barabara saa sita za mchana. Kwa gereji inayoijua kazi yake kiasi hiki, upungufu huo haufai kuachwa. Anayetaka huduma yao apeleke gari baada ya sala ya alasiri, aiache ilale, na aseme tangu mwanzo kwamba mpira wa akiba nao upimwe.