Nakala ya maktaba ya dola 9: uzoefu wangu na vitabu vya mtumba vya besiboli

Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwenye makumbusho ya ligi za Weusi (ligi za besiboli za wachezaji Weusi wa Marekani, waliokuwa wamefungiwa nje ya ligi kubwa za Wazungu) pale Kansas City, mji ambako Rube Foster na wenzake waliianzisha Negro National League mwaka 1920. Nilitoka nimebeba swali moja: hawa waliocheza kabla Jackie Robinson hajaingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947 na kuvunja kizuizi hicho, habari zao nizisome wapi? Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, natafuta vitabu vya mtumba vya historia ya besiboli.

Nilichokitamani zaidi ni Only the Ball Was White cha Robert Peterson, tena chapa ya 1970. Chapa za baadaye zipo, ila mwaka ule unanigusa. Hakuna mchezaji aliyekuwa ameingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli ulioko Cooperstown kwa kazi yake katika ligi za Weusi. Nyota wa ligi hizo, Satchel Paige, aliingia 1971, na mwenzake Josh Gibson 1972. Peterson aliandika mlango ukiwa bado umefungwa, na unaisikia haraka yake.

Nakala ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa dola 22. Tangazo lilisema "hali nzuri sana". Kilichofika kilikuwa kimevimba kwa maji, kinanuka ukungu hata sikuweza kukiweka rafu moja na vingine. Pesa nilirudishiwa baada ya wiki tatu za kuandikiana, na jambo hilo liliniudhi kweli. Siku hizi silipi kabla sijaona picha za mgongo, za ukurasa wa hakimiliki na za kona ya ndani ya gamba la karatasi linalofunika jalada. Kama kona hiyo haina bei, uliza: huenda ni toleo la klabu ya vitabu, ambalo thamani yake huwa ndogo.

Ya pili ilikuwa imeondolewa maktaba, dola 9, ikaja kwa Media Mail, ile huduma ya posta ya bei nafuu inayokwenda polepole. Wakusanyaji wengi huzikwepa nakala za namna hii kwa sababu ya mihuri na mfuko wa kadi. Mimi nazipenda. Plastiki ya maktaba ilikuwa imelilinda gamba miaka yote, na mshono haujalegea hata kidogo.

Kwa takwimu, usikitegemee kitabu hiki peke yake. Mwaka 2020 Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ilizitambua ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 ikaingiza takwimu za ligi hizo kwenye kumbukumbu zake rasmi. Gibson, kwa wastani wa kupiga mpira wa .372, akampita Ty Cobb aliyekuwa akiongoza. Kwa kuwajua watu wenyewe, sijapata kitabu kingine cha kukishinda.

Nyuma kuna orodha ndefu ya wachezaji. Msomaji fulani aliyenitangulia ameweka alama ndogo za penseli kwenye majina, karibu yote ya timu ya Homestead Grays. Sijazifuta.