Ndege ndogo ya mkataba, Dodoma hadi Mpanda: huduma nzuri, ila soma mkataba vizuri

Kazi yangu kwenye mradi wa maji hapa Dodoma ni kupanga safari za wahandisi. Kwa Mpanda na Songea tunatumia kampuni ndogo ya ndege tuliyoingia nayo mkataba, na wenzangu wa miradi mingine huniuliza kama inafaa. Inafaa, na mwaka huu nimependekeza tuendelee nayo.

Ndege ni Cessna Caravan, injini moja, viti 12. Uwanja wa Dodoma uko mjini, hivyo mtu anatoka Area D kwa bajaji na muda si mrefu yuko kwenye mizani. Unapimwa wewe na begi lako, na kilo 15 za begi ni 15 kweli. Begi gumu la magurudumu halipakiwi, njoo na la kitambaa. Fundi wetu alipotaka kusafiri na pampu, walimwambia tangu jana yake kwamba uzito hauruhusu, tukaitanguliza kwa basi. Kampuni inayokataa mzigo mapema naiamini kuliko ile inayokubali kila kitu. Rubani mwenyewe anakuonyesha mkanda na mlango wa dharura, kisha kwa muda usiofika saa mbili uko Mpanda. Kwa gari, kupitia Singida na Tabora, siku nzima imekwisha. Kero yangu ni moja: mabadiliko ya ratiba huja kwa WhatsApp usiku, watu wameshalala.

Sasa mkataba. Tunalipia saa za kuruka, na kila mwezi kuna kima cha chini tunacholipa hata ndege isiporuka. Wao wanaleta ndege, marubani, mafundi na bima. Kima hicho ndicho kinachowalipia mishahara miezi ya ukame wa kazi, na mteja akiondoka, kinaondoka naye. Ndiyo maana kabla ya kuangalia bei huwa nauliza: mna wateja wangapi?

Mfano mkubwa uko Marekani, ambako safari nyingi za miji midogo huendeshwa na kampuni za mkataba. Ndege ina rangi za mashirika makubwa kama United au Delta, lakini anayeiendesha ni kampuni ndogo ya mkataba kama SkyWest au Republic. Kampuni kubwa inauza tiketi na kwa kawaida inabeba gharama ya mafuta, ndogo inalipwa kwa kuruka. Mwaka 2020, abiria walipopotea kwa sababu ya korona, kampuni za mkataba za Compass na Trans States zilifunga, na mwenzao ExpressJet ikapoteza kazi yake baada ya United kuamua kubaki na mshindani wake, CommutAir. Kujitoa nako si rahisi. Atlantic Coast, nayo kampuni ya mkataba, iliachana na United, ikajiita Independence Air mwaka 2004 na kuuza tiketi zake yenyewe. Januari 2006 ikasimama. SkyWest imedumu, na naona sababu kubwa ni kwamba inarukia United, Delta, American na Alaska kwa pamoja. Mmoja akipunguza, watatu wapo.

Kwetu hatari ni hiyo hiyo, tena imezidi, kwa kuwa wateja wengi wa ndege hizi ni miradi ya wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, sisi tuliofanya kazi na miradi ya afya tuliona jinsi safari zinavyofutwa kwa barua moja. Vipuri hununuliwa kwa dola, wakati sisi tunalipa kwa shilingi. Kampuni yenye mfadhili mmoja tu siipi miaka mitano.

Hii yetu msimu wa kiangazi hupeleka pia watalii Katavi na Ruaha, na hilo ndilo lililonifanya nitulie. Safari za Dar nimeziondoa kabisa: tangu treni ya haraka ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, hakuna sababu ya kumpandisha mhandisi Caravan kwenda Dar. Naamini kampuni hizi zitaishi kwenye njia kama ya Mpanda, ambako barabara ni ndefu na treni ya haraka haijafika. Zinazong'ang'ania Dar zinapoteza muda. Uwanja wa Msalato, unaojengwa nje ya mji, utaleta ndege kubwa zaidi, na ule urahisi wa bajaji kutoka Area D sidhani kama utabaki.

Ukiandaa mkataba wako, weka notisi ya siku 90 kwa pande zote mbili, ili wao wapate muda wa kutafuta mteja mwingine na wewe usiachwe njiani. Omba pia kima cha chini kishuke miezi ya masika, maana viwanja vya udongo vikilowa hamtaruka hata mkilipa. Sisi walitukubalia yote mawili kwenye kikao cha kwanza.