Faili kwanza, mbwa baadaye

Nilitaka kuipa kliniki hii ya wanyama nyota moja nikalale. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, na hasira bado iko palepale.

Mbwa wangu, Bosi, ana kifafa. Aliye na mbwa wa namna hii anaijua hali: anakodolea macho ukuta kama kuna mtu, anaanguka ubavu, miguu inapiga hewani, povu, mkojo. Kwa kawaida inaisha kwa dakika moja au mbili. Mimi nasogeza viti, nazima taa, naangalia saa. Mkono simtii mdomoni. Mbwa hamezi ulimi, na meno yale wakati ule hayajui bwana wala mtwana.

Jioni ile zikapita dakika tano na hakuachia. Ukifika hapo hungoji tena, mwili unapanda joto na ubongo unaumia. Nikamkunja kwa leso niliyoiloweka maji, nikatoka mbio. Tuktuk ya kwanza ilipoona mbwa ikaondoka. Ya pili, mzee mwenye kofia akaniangalia, akamwangalia Bosi: "Panda mwanangu, nitaiosha mara saba." Mungu amzidishie. Kutoka Kisauni, na foleni ile ya daraja la Nyali mnaijua.

Nafika klinikini, Bosi anatapatapa mikononi mwangu, dada wa mapokezi yuko kwenye simu.

"Una faili?"

Nikamwambia mbwa anakufa.

"Faili kwanza, mama. Na usimlaze hapo, tumetoka kupiga deki sasa hivi."

Nikamwambia nitalipa, pesa ziko kwenye simu, simu iko mkobani, mikono yangu hii hapa imejaa mbwa. Akasema, "Si mbwa tu? Ngoja basi."

Mbwa tu! Wallahi maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo. Huko ni kwa daktari wa wanyama, si benki.

Aliyemwokoa ni kijana msaidizi, alitoka ndani mbio baada ya kusikia kelele zangu. Akapiga magoti juu ya deki hiyohiyo, akamtia dawa ya kutuliza kwa nyuma, akamlowesha tumbo na nyayo. Hakuuliza jina. Bosi akaachia. Alipoamka alikuwa haoni, anagonga kuta, na kijana alikaa naye sakafuni mpaka aliponinusa akanijua.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Kliniki ya awali walinipa vidonge vya fenobabito, dawa ya kifafa, kwenye bahasha, "mpe hivi", basi. Alipopata nafuu nikaacha. Kumbe dawa ile haikatizwi ghafla, ukiikata kifafa kinarudi kwa nguvu zaidi! Ni kila baada ya saa 12, hairukwi, inachukua kama wiki mbili kukolea mwilini, na damu ipimwe kuangalia ini. Nililia pale pale. Niliyemtesa ni mimi, bila kujua.

Juzi nilirudi kupima damu. Dada ni yuleyule, swali ni lilelile. Nikaweka namba ya faili mezani, sikusema neno.

Nyota ngapi sasa? Mapokezi hata nusu sitoi. Kijana, zote tano. Ningekuwa na mbwa mzima nisingekanyaga tena pale. Lakini Bosi si mzima, na kijana yule yuko zamu za jioni, kwa hivyo nitakwenda.