Chai nne kutoka Marikiti: nilizijaribu wiki moja moja

Kwa miaka mingi kikombe changu cha mwisho nilikuwa nakinywa saa tatu usiku: maziwa mengi, iliki, majani yamechemka mpaka yamekoza. Saa nane niko macho kitandani. Nikalaumu joto la Mombasa, nikanunua feni, wapi! Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenifungua macho: kafeini huchukua kama saa tano hata nusu yake tu iondoke mwilini. Hesabu mwenyewe, saa tatu hadi saa nane.

Basi nikashuka Marikiti nikanunua pakiti nne. Kila moja nikainywa wiki nzima, kikombe kilekile, saa ileile, bila kahawa.

Nilianza na majani meusi tuliyoyazoea, yale ya punje ndogo. Kikombe cha mililita 240 huwa na takriban miligramu 47 za kafeini, na kahawa ya kuchuja karibu 95. Nusu ya kahawa si nyingi, lakini mimi nilikuwa nanywa viwili, na punje zile kwa udogo wake hutoa nguvu upesi, tena sisi huzichemsha sufuriani badala ya kuziloweka. Maziwa hayaondoi kafeini. Yanalainisha ukali mdomoni tu. Usingizi: hakuna.

Chai ya kijani hutoka kwenye mti uleule, ila majani yake hayaachwi kugeuka rangi. Huwa na miligramu 30 hivi. Nililala, nikaamka mara moja. Kwa mahamri na mbaazi haifai hata kidogo, na ukiimwagia maji yanayotokota inakuwa chungu.

Ya zambarau ndiyo iliyonipendeza. Aina hii, TRFK 306, ilizalishwa na watafiti wetu wa Kericho na kutolewa kwa wakulima mwaka 2011, na kafeini yake ni pungufu kuliko ya majani ya kawaida. Kamulia ndimu uone rangi inavyogeuka waridi! Bei imechangamka, lakini pesa yangu sikuijutia.

Pakiti ya nne ndiyo iliyonitia uchungu. Mbele imeandikwa mchaichai, pembeni kuna picha ya mwezi na maneno ya usingizi mwema. Siku tatu sikulala. Nilipoimwaga kwenye sinia nikaona punje nyeusi zimechanganyika na mchaichai, na nyuma, kwa herufi ndogo kabisa, "majani ya chai". Mchaichai wenyewe hauna kafeini hata chembe, wala tangawizi. Na nilikuwa nimeshampa mdogo wangu nusu pakiti, naye ni mjamzito. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inashauri mjamzito asizidishe miligramu 200 kwa siku (mtu mzima mwenye afya 400), na kwake kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kikombe kimoja kisingemdhuru, najua. Lakini alikuwa anakunywa vinne akiamini havina kitu, na juu yake chai ya asubuhi. Nilimpigia usiku uleule.

Katika pakiti zote nne hakuna hata moja iliyoandikwa kiasi cha kafeini. Na huu ndio mji ambao chai ya Afrika Mashariki inauzwa kwa mnada tangu 1969! Kwa hiyo geuza pakiti usome orodha ya vilivyomo kabla hujalipa, na ukiona neno chai peke yake, jua kafeini imo.

Sasa chai ya maziwa naiacha asubuhi na mahamri yake, alasiri ni ya zambarau. Usiku nakata mchaichai niliopanda kwenye debe uani, nauponda na kipande cha tangawizi, nauchemsha. Mdogo wangu nimempelekea shina lake, tayari limeshika.