Jumamosi sita za Among Us katika darasa la maadili: uzoefu wangu

Nimeongoza kikundi cha vijana cha Jumamosi hapa Morogoro kwa miaka minne, na katika yote tunayofundisha, somo la maadili ndilo lililokuwa likinitoa jasho. Ukiwauliza vijana wa miaka 13 hadi 17 kama inafaa kumsingizia mtu, watajibu kwa sauti moja kwamba haifai, kisha watakutazama kwa upole wa mtu anayesubiri kengele ilie. Majibu wanayo tangu shule ya msingi, na pengine ndiyo maana hayawagusi. Siku moja kijana wa kidato cha tatu aliniambia kwamba yale yote niliyokuwa nikiyaandika ubaoni kuhusu fitina na ushahidi wao huyafanya kila jioni kwenye mchezo wa simu uitwao Among Us. Niliupakua usiku uleule, na baadaye tukautumia darasani kwa Jumamosi sita. Haya ni maoni yangu kwa mwalimu au mlezi anayefikiria kufanya vivyo hivyo.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huu ulitolewa mwaka 2018 na Innersloth, kampuni ndogo ya Marekani, ukakaa karibu miaka miwili bila kuvuma, kisha ukaenea duniani mwaka 2020 wakati watu wengi walikuwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona. Wachezaji, kuanzia 4 hadi 15, ni wahudumu wa chombo cha angani chenye kazi ndogondogo za kukamilisha, kama kuunganisha nyaya, kupitisha kadi na kumwaga taka. Miongoni mwao wamo mmoja hadi watatu ambao kazi yao ya siri ni kuwaua wenzao na kukihujumu chombo. Vijana wangu waliwaita mamluki, neno walilolisikia kwenye siasa, nami sikuona haja ya kutafuta jingine. Wahudumu wa kawaida waliwaita mabaharia, jambo lililowachekesha mno kwa sababu wanazozijua wao. Maiti ikionekana, au mtu akibonyeza kitufe cha dharura, kazi husimama na kikao huitishwa. Watu hujadiliana, hupiga kura, na aliyepata kura nyingi hutupwa nje ya chombo. Mabaharia hushinda wakimaliza kazi zote au wakiwatoa mamluki wote, na mamluki hushinda idadi yao ikilingana na ya mabaharia waliobaki.

Gharama yake ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Kwenye simu mchezo ni wa bure, una matangazo, na kuna namna ya kucheza watu walio sehemu moja wakiwa wameunganishwa kwenye mtandao mmoja, hata ule unaorushwa na simu yangu. Tulikuwa na simu tisa, nyingi zikiwa za kaka na dada zao. Jumamosi ya kwanza tulipoteza karibu saa nzima kwa sababu simu tatu zilikuwa na toleo la zamani ambalo halikubali kucheza na jipya, na bando langu likaishia kwenye kusasisha programu, kwa hiyo jambo hilo likamilisheni siku moja kabla. Waketisheni wachezaji migongo yao ikitazamana, la sivyo watachungulia simu za wenzao. Mazungumzo ya kikao tuliyafanya kwa mdomo, na sheria yetu ya kwanza ikawa kwamba aliyekwisha kufa hasemi, haguni, wala hakohoi kwa maana.

Nilianza nikidhani kwamba somo lingekuwa juu ya uongo. Jumamosi ya kwanza ilinionyesha kwamba uongo wa mamluki ulikuwa jambo dogo ukilinganisha na yale waliyoyafanya watu wema. Zaidi ya nusu ya waliotupwa nje siku ile hawakuwa na kosa lolote, na sababu zilizotolewa, nilizokuwa nikizinukuu kwenye daftari, zilikuwa za aina hii: amenyamaza sana, anaongea sana, anacheka, jana pia alikuwa yeye. Kijana mmoja mpole, anayefikiri kabla ya kujibu, alitupwa nje mara tatu mfululizo. Kila mara skrini iliandika kwamba hakuwa mamluki, huku mwili wake mdogo ukielea kati ya nyota, na kila mara kundi lilikaa kimya kidogo kisha likaangua kicheko. Baada ya mara ya tatu nilisimamisha mchezo na kuuliza ni nani aliyemtaja kwanza. Hakuna aliyekumbuka. Kila mmoja alisema alimfuata mwenzake.

Niliwauliza kama wamewahi kuliona jambo hilo nje ya simu, na msichana mmoja akajibu, bila kusita, kwamba ameliona stendi, mtu alipopiga kelele ya mwizi. Sisi sote tumekulia katika nchi ambamo magazeti yana msemo wake maalumu kwa tukio hilo, wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika jiwe. Mazungumzo yaliyofuata yalichukua saa nzima, na simu zililala kifudifudi sakafuni bila mtu kuziuliza. Katika miaka minne sikuwahi kupata saa kama ile kwa kutumia ubao.

Mwishoni mwa saa hiyo walijitungia kanuni wenyewe: anayemshitaki mwenzake aseme ameona nini, akiwa chumba gani, na baada ya tukio lipi, neno nahisi halihesabiwi, na pasipo ushahidi watu waache kura ipite bila kumtoa mtu. Nami niliongeza muda wa majadiliano hadi sekunde 90 ili wanaosema polepole wapate nafasi. Jumamosi iliyofuata watu wasio na hatia hawakutupwa nje ovyo, lakini mamluki walianza kushinda mara nyingi zaidi. Vijana walikasirika. Mmoja alisema kwamba kanuni ya haki inawasaidia wauaji, na mwingine akamjibu kwamba basi aseme yuko tayari kutupwa yeye mara ngapi ili mamluki mmoja apatikane. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu kwa nini mahakama hudai uthibitisho, nikayaweka mfukoni, kwa kuwa wao walikuwa wamefika huko kwa gharama yao wenyewe.

Ninachokisifu zaidi katika mchezo huu, na ambacho sidhani watengenezaji walikikusudia kwa ajili ya darasa, ni mipangilio yake. Unaweza kuzima taarifa inayosema kama aliyetolewa alikuwa mamluki kweli. Ukiizima, chombo kinaendelea na safari na hamjui kamwe kama mmemwonea mtu. Tulipofanya hivyo, kicheko kiliisha, na kura za kuacha ipite zikaongezeka. Unaweza pia kuficha ni nani amempigia nani kura. Nilitarajia kwamba siri ingewapa wanyonge ujasiri, na kwa wawili ilikuwa hivyo, lakini wengine waliitumia kulipiza visasi vya shuleni. Kuna pia kazi ambazo wengine hukuona ukizifanya, kama kupimwa na mashine katika chumba cha matibabu, jambo ambalo mamluki hawezi kuliiga. Ukiziondoa hizo, hakuna anayeweza kuthibitisha usafi wake, na kila mtu anabaki na neno lake tu pamoja na jinsi alivyoishi na wenzake katika raundi zilizopita. Kila badiliko kama hilo lilitosha kuwa somo la siku.

Mama mmoja alinifuata baada ya Jumamosi ya pili na kuniuliza, kwa adabu lakini bila kuzungusha, "Mwalimu, mnawafundisha watoto wetu uongo?" Nilimwambia kwamba katika karata pia mtu huficha alichoshika, na wote mezani wamekubaliana hivyo. Jibu hilo lilimridhisha yeye kuliko lilivyoniridhisha mimi, maana msichana mmoja aliyepewa umamluki alikataa kabisa kudanganya: alipoulizwa alikuwa wapi, alinyamaza tu, akaponea chupuchupu kwa kura moja. Wenzake walibishana kama kunyamaza kwake kulikuwa ukweli au uongo wa kistaarabu. Baba yake ni shehe, naye aliahidi kumpelekea swali hilo. Bado tunalisubiri jibu.

Kosa langu mimi lilitokea Jumamosi ya tatu, nilipomsifu mbele ya wote kijana aliyekuwa amewalaghai wenzake kwa ufundi mkubwa, akiwemo rafiki yake wa karibu ambaye alimtetea hadi mwisho. Wale wawili walinuniana wiki nzima. Tangu hapo, kila raundi ikiisha, aliyedanganya humgeukia aliyemdanganya na kumweleza alichofanya na kwa nini, kabla raundi nyingine haijaanza. Mwanzoni waliona ni mzaha, lakini sasa hawakubali kuendelea bila hilo.

Mapungufu yapo. Kwenye orodha ya lugha sikukuta Kiswahili, hivyo wadogo walihitaji kutafsiriwa raundi mbili tatu za kwanza. Mauaji yamechorwa kikatuni, lakini mfupa unaochomoza katika mwili uliokatwa utawakera baadhi ya wazazi, na ni vizuri waonyeshwe mapema. Matangazo yanakatisha mazungumzo pale moto unapokolea. Vyumba vya hadhara kwenye intaneti, ambako mtu hucheza na asiowajua, sikuvitumia hata mara moja, na sishauri yeyote avitumie na watoto, kwa sababu ya majina na lugha utakazokutana nazo humo.

Jumamosi ya tano umeme ulikuwa umekatika tangu usiku na simu hazikuwa na chaji, tukacheza Mafia, mchezo wa mdomo ambao ni babu wa michezo hii, ulioanzishwa na Dimitry Davidoff mjini Moscow mwaka 1986. Ulihitaji vipande vya karatasi na msimamizi tu. Ulichangamsha, lakini kwa kuwa watu wamekaa duara moja na kufumba macho, hakuna aliyemwona mwenzake akipita popote, na lile swali la ulikuwa wapi na nani alikuona linapotea. Yanabaki maneno na nyuso. Yule kijana mpole alitolewa tena raundi ya kwanza. Safari hii mtu mmoja aliinua mkono na kuuliza ameonekana akifanya nini.

Naupa nyota nne kati ya tano. Kwa kikundi cha watu saba hadi kumi na mtu mzima mmoja anayejua kusimamisha mchezo unafaa sana. Mkiwa chini ya sita raundi huisha kabla hamjapata cha kujadili, na mkiwa zaidi ya kumi na wawili wenye sauti kubwa humeza kikao. Tengeni saa tatu, na simu ziwe chini kwa angalau nusu ya muda huo.