Darasa la asembli Mwanjelwa: kusoma kibodi bila maktaba

Darasa hili la Jumamosi la asembli, lugha ya programu iliyo karibu kabisa na maagizo ya prosesa, linaloendeshwa karibu na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, linafundisha jambo ambalo kozi nyingi za programu hulipita: namna ya kuiomba kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, isome herufi kutoka kwenye kibodi bila msaada wa maktaba yoyote ya msimbo ulioandikwa tayari. Mwalimu huanza na rejista nne (nafasi ndogo za kushikia namba) za prosesa ya biti 64: rax hupewa 0, yaani namba ya mwito wa kusoma, rdi hupewa 0 ya ingizo la kawaida, rsi anwani ya bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea herufi), na rdx idadi ya juu ya baiti.

Kilichonivutia zaidi ni subira yake kuhusu jibu linalorudi ndani ya rax. Ukiandika "Mbeya" na kubonyeza Enter, hurudi 6 wala si 5, kwa kuwa baiti ya mstari mpya imehesabiwa. Na bafa ikiwa ya baiti 4, herufi "a" na mstari mpya hubaki zikisubiri usomaji unaofuata. Hapo ndipo wanafunzi hukwama, naye hakuharakisha hata kidogo.

Kompyuta ni chache. Aidha, rejista rcx na r11, ambazo agizo la syscall, linaloiita kerneli, hufuta yaliyomo, ziligusiwa juu juu tu, ilhali zinastahili kipindi kizima.